Shikamoo ya Chini ya Reli

Wiki iliyopita nilishuka kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya reli, pale stesheni. Siku hizi za soko huria balbu zimejaa kila duka, lakini humo ndani hakuna hata moja. Katikati ya giza nikasikia, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia kwa sauti nzito ya mtu mzima.

"Simama hapo hapo! Mbele yako mfuniko wa mtaro umeng'oka."

Mkono ukanishika, ukanipitisha taratibu kando ya ukuta hadi kwenye mwanga wa upande wa pili, mtaa wa Igogo. Kutazama, ni bibi mwenye ndoo ya dagaa kichwani, umri wa kumzaa mama yangu. Alikuwa anatokea huko huko, akageuza ili anivushe tu.

"Bibi, nisamehe. Umeniamkia, nami nikaitikia!"

Akacheka. "Humo namwamkia kila mtu, baba. Akiitikia, najua alipo."

Mguu wangu ni mzima kwa sababu yake. Asante sana, bibi.

Jana nilipita tena. Niliposikia hatua mbele yangu gizani, nikawahi mimi: "Shikamoo!"

"Marahaba," ikaitikia sauti ya binti wa shule, bila aibu yoyote.

Tukapishana salama.