Mama Ngoja wa Chumba cha Damu

Jina lake la kuzaliwa, wengi pale hospitalini walikuwa wamelisahau. Walimwita Mama Ngoja, kwa sababu kila aliyegonga dirisha la chumba cha damu akitaka chupa upesi alijibiwa kwa neno hilo moja, tena bila kuinuliwa macho.

Hakuzaliwa mkaidi. Mwaka wake wa pili kazini, enzi walipokuwa wakilinganisha makundi ya damu tu basi, alitoa chupa ya kundi sawasawa na la mgonjwa, mzee wa watu mwenye wajukuu. Chupa haijafika nusu, mzee akaanza kutetemeka, mkojo ukawa mweusi, na siku ya tatu akafariki. Hakuna aliyemlaumu, lakini hakutulia mpaka alipojua sababu. Mzee alishawahi kuongezewa damu zamani, na mwili wake ukajitengenezea kingamwili: askari wanaoshambulia damu ya mtu mwingine yenye alama ngeni, hata ikiwa ya kundi lile lile.

Akaamua kuwatafuta askari hao mapema. Kipimo kilitaka chembe nyekundu za watu ambao alama za damu yao zinajulikana, na za kununua hazikuwepo. Basi akazunguka hospitali nzima akiwapima wafanyakazi wa kundi O, mpaka akapata watatu ambao alama asiyokuwa nayo huyu, yule anayo: dereva, dobi na karani wa masjala. Kila baada ya wiki chache aliwatoa damu kidogo ya kupimia wagonjwa. Dereva alizoea kusema kwamba hospitali ile ina mbu mmoja mkubwa mwenye koti jeupe, huku mkono ameshaunyoosha.

Asubuhi moja daktari mpya wa upasuaji alileta sampuli ya mwanamke wa kundi O aliyekuwa atolewe uvimbe wa kizazi saa nne. Damu yake ilikuwa pungufu, akahitaji chupa mbili. Mama Ngoja alichanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe za wale watatu, kila mmoja kwenye kimrija chake, akavipa joto la mwili, akaviosha, akatia dawa, akavizungusha kwenye mashine. Alipovitikisa taratibu mbele ya mwanga, cha dereva kilikuwa na vibonge vyekundu, ishara ya wale askari. Cha dobi vilevile. Cha karani kilikuwa laini.

"Mama, kundi ni O, na friji imejaa O," daktari alisema dirishani. "Tunangoja nini?"

"Tunangoja huyu mama asikufie mikononi, mwanangu."

Upasuaji ukasogezwa hadi kesho yake, na daktari akaondoka amenuna.

Faili lilisema mgonjwa hajawahi kuongezewa damu. Mama Ngoja akapanda wodini, akamwomba mume, "Shemeji, hebu tuletee maji ya kunywa," kisha akavuta kiti. Mgonjwa alitazama mlango kwanza. Akanong'ona kwamba kabla ya ndoa hii aliharibikiwa na mimba, akapewa chupa mbili, na mumewe hajui.

"Atajua siku utakayotaka wewe," Mama Ngoja alimjibu. "Mimi nilihitaji kujua kuhusu damu tu."

Alirudi akajaribu chupa zote za O zilizokuwemo, kumi na sita, moja baada ya nyingine. Kumi na tano zilifanya vibonge. Moja ikakubali. Ya pili ataitoa wapi? Akakaa akikitazama kile kimrija laini, kisha akaenda masjala. Karani, mtu mzito wa kunyanyuka, hakuuliza maswali. Alivua saa tu, akakunja shati. Damu yake ikapimwa maradhi yote, ikaonekana safi.

Mgonjwa alipewa chupa zote mbili na hata baridi hakusikia. Siku ya sita alitoka kwa miguu yake, mumewe akimbebea begi.

Daktari alikuja dirishani peke yake kuomba radhi. Mama Ngoja akamwambia aingie ndani, akamkabidhi vimirija, akamfundisha kuvitikisa bila pupa. Dereva alikuwa akikaribia kustaafu, hivyo kabla daktari hajaondoka akaulizwa kundi lake. Alisema ni O.

"Vizuri," alisema Mama Ngoja. "Lete mkono, tuone una alama gani."