Hodi Tatu za Chumba cha Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa nje mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenitoa ni mfanyabiashara mmoja wa Tabora mjini, mwenye nyumba kadhaa za kupangisha, ambaye sisi wafanyakazi wake tulimwita Mzee Mwenye Nyumba mpaka alipofariki. Alinikabidhi kishada cha funguo, akanipeleka Chemchem kwenye nyumba yake ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha wote. Akaniagiza nikaangalie bati linalovuja chumba cha pili. Mimi binti wa wakulima wa tumbaku, Mmoraviani wa kijijini, nikaona nimetumwa na mwenye mali na funguo ninazo. Nikasukuma mlango nikaingia. Mpangaji, fundi cherehani mtu mzima, alikuwa amejilaza na msuli wake.

Mzee Mwenye Nyumba akanivuta mkono mpaka ukumbini. Niliporudi nikasema hodi moja, nikaingia palepale. Akanitoa tena. Nikanuna, nikamwambia si funguo hizi hapa?

"Nyumba ni yangu, lakini mlango ni wa aliyepanga," akasema. "Piga hodi tatu, na kila moja uipe nafasi. Usipokaribishwa, rudi zako, uje siku nyingine. Hizo funguo ni za siku nyumba ikiwaka moto."

Nilisimama pale ukumbini nikapiga hodi tatu kama mtoto anayefundishwa kusoma. Fundi cherehani akajivika shati kwanza, ndipo akanikaribisha. Bati lenyewe lilikuwa limetoboka msumari mmoja tu.

Vijana wa siku hizi mnanijia mmeshanunua kiwanja, simu mkononi, mnataka niwaambie siri ya kupangisha. Siri gani? Ni kazi ya kuchosha, basi. Miguu yangu hii imevimba kwa kufuata mabomba yaliyoziba, na masikio yangu yamejaa ugomvi wa luku. Ukiweka mita moja ya umeme kwa vyumba sita, jua umenunua kesi: huyu ana friji, yule ana taa moja, na wote watakuja kwako. Weka mita kila chumba tangu mwanzo, hata kama fundi wako atalalamika. Na shimo la choo lichimbwe mahali gari la kunyonya linafika. Nimewahi kuona ukuta wa uani unabomolewa kwa sababu mwenye nyumba hakufikiria hilo, na wapangaji wakakaa wiki nzima wanaomba choo kwa jirani.

Kutoka Chemchem nilihamishiwa nyumba za Kitete, karibu na hospitali, walikopanga wauguzi. Bosi wangu huko alikuwa Karani Mkuu, mwanamke mkavu asiyecheka, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha hati ya makabidhiano, yaani karatasi mnayoandika pamoja na mpangaji siku anapoingia: kioo kipi kimepasuka, kitasa kipi kimelegea, ukuta upi una unyevu. Nakala moja yake, moja yenu. Tulikuwa tunazunguka chumba kizima na kalamu, na wauguzi wametoka zamu wanasinzia kwa kusimama. Akiletewa nyumba ya kumnunulia Mzee, Karani Mkuu hakwenda kuiona kiangazi hata dalali aisifie vipi. Alingoja masika, akavaa buti, akasimama nje ya ukuta kuangalia maji yanaelekea wapi. Kuta za udongo zilizopigwa lipu ya saruji alizikataa kabisa, maana zinanywa maji kwa chini na kwa nje zinameremeta. Nilimchukia miaka miwili, halafu nikamzoea.

Kisha Mzee Mwenye Nyumba akafariki. Mwanawe akaja kutoka Dar es Salaam kushika mali, akataka aitwe Mkurugenzi, nasi tukamwita hivyo. Akanirudisha Chemchem kuwa msimamizi wa ile nyumba ya vyumba sita. Hakuwa mtu mbaya kwa maneno, alinisalimia shikamoo kila asubuhi. Ila alikuwa na haraka. Alitaka vile vyumba vivunjwe viwe vitatu vya masta, kila kimoja na choo chake ndani, apate wapangaji wa maofisini. Sasa kazi kama hiyo inataka notisi ya maandishi, yenye muda wa mtu kutafuta pa kwenda. Nilimwambia. Akawapa wiki moja kwa mdomo.

Wengi walihama. Waliobaki walikuwa wanatafuta, isipokuwa chumba cha nne. Humo alikaa Zuhura, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mumewe dereva wa lori njia ya Kigoma, na wakati huo alikuwa safarini. Zuhura alikuwa na mtoto wa siku tisa. Mnajua wenyewe mambo ya arobaini: mama aliyejifungua anakaa ndani siku arobaini, mlango umefungwa, anakandwa maji ya moto, upepo usimguse yeye wala mtoto. Aliniomba jambo moja tu, amalize arobaini yake, mumewe arudi, kisha wataondoka bila maneno. Nikalipeleka ombi lake ofisini.

"Hatumfukuzi mtu, mama," Mkurugenzi akanijibu. "Tunakarabati. Ng'oeni milango, watajiongeza wenyewe."

Nilijua ni vibaya. Nisiseme sikujua. Lakini binti yangu alikuwa chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, nikajiambia nikikataa mimi atatumwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Nilikwenda asubuhi na fundi seremala. Ulikuwa msimu wa kipupwe, vumbi linazunguka uani. Fundi akasubiri ukumbini, nami nikapiga hodi kama nilivyofundishwa, moja, nikangoja, ya pili, nikangoja. Ya tatu Zuhura akaitikia, "Karibu, Mama Funguo," ndilo jina walilonipa wapangaji. Akanipa kigoda. Akanimiminia uji wake wa pilipili manga, ule wanaowapikia wazazi, nami nikaunywa. Naona haya mpaka leo kusema niliunywa ukaisha. Nilipoweka kikombe chini ndipo nikamwita fundi afungue bawaba.

Zuhura hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso kwa kanga kwa ajili ya vumbi, akaniangalia.

"Kumbe hodi yako ilikuwa ya hili, mama?" akasema.

Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, tukaubeba watu wawili. Alitundika blanketi pale penye mlango, na wanawake wa vyumba vilivyobaki wakawa wanakaa kwa zamu kwenye kizingiti kumzuia upepo kwa migongo yao. Siku ya tatu mtoto akabanwa kifua, akalazwa. Nilikaa nje ya geti la hospitali siku mbili, nimeshika chupa ya chai, sikuthubutu kuingia. Mtoto akapona. Zuhura hakurudi kwenye ile nyumba, ndugu zake wakaja kuchukua vitu.

Mkurugenzi akajenga vyumba vyake vya masta, vigae mpaka ukutani, vikakaa vitupu karibu mwaka. Madalali walileta watu, watu wakifika wanauliza majirani, majirani wanawaambia hii ndiyo nyumba ya kung'oa mlango wa mzazi. Kwa hiyo ninyi mnaotaka faida, hilo nalo liandikeni: mtaa unakumbuka kuliko mkataba wenu. Mlango wenyewe Mkurugenzi alinipa nikafanye kuni. Niliuegemeza ukutani chumbani kwangu.

Nikastaafu. Nina vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu, wapangaji wangu ni mwalimu na fundi wa bajaji, na bati likivuja mwalimu ananipigia simu kabla hata mvua haijaisha. Nimechoka, wanangu. Nikilala naona funguo. Na ukiniuliza katika kazi yote ile nimejuta nini, si mabomba wala kuta, ni kile kikombe cha uji.

Juzi yule fundi seremala akanipa habari kwamba Zuhura na mumewe wamejenga, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nyumba haijapigwa lipu, mbele wameziba kwa kipande cha bati. Yule mtoto yuko darasa la tatu. Nikautoa mlango, nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta, nikanunua bawaba mpya. Nikamwita mwenye mkokoteni, tukaupakia.

Tulifika saa tatu asubuhi. Nikasimama mbele ya lile bati, nikapiga hodi. Ndani sauti ya mwiko ikanyamaza.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Funguo. Nimekuletea mlango wako, mwanangu. Nimekuja na kuomba radhi."

Nikangoja, nikapiga ya pili.

"Nakusikia, mama," Zuhura akasema.

Karibu hakusema. Nikangoja sana, magoti yananiuma, nikapiga ya tatu. Mwiko ukaanza tena kukwaruza sufuria, taratibu, kama wa mtu anayepika peke yake. Mwenye mkokoteni akaninong'oneza kwamba si amekusikia, ingia tu, unaogopa nini. Lile bati halikuwa na komeo. Ningelisukuma kwa kidole kimoja.

Nikamwambia ageuze mkokoteni.