Zamu ya Dirishani

Mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, bondeni, baba alibaki mlimani. Hakukataa kuhama. Alikuwa kaburini nyuma ya nyumba yetu ya zamani, na lori halikuwa na nafasi ya makaburi.

Mama alikuwa dobi wa hospitali ya misheni. Muuguzi mmoja alimpa mbegu za dalia, yale maua makubwa yaliyopandwa mbele ya wodi. Mama akataka yachanue juu ya baba kabla majani hayajamfunika. Nje kuku wangezifukua, kwa hiyo tulizisia ndani, katika makopo matano ya maziwa. Mimi, niliyetoka shuleni na kichwa kimejaa hotuba, nikakabidhiwa ulezi.

Dirisha letu lilikuwa moja, na lilitosha kopo moja. Kopo moja likae kwenye nuru, manne gizani? Huo ulikuwa unyonyaji mtupu. Nikaandika ratiba ya zamu, kila kopo siku moja, nikaibandika ukutani kwa uji mzito.

Balozi wa nyumba kumi alipokuja kukagua nyumba, nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yakiwa ukutani. Aliisoma ratiba yote amesimama wima.

“Mama, kijana wako ameielewa siasa.”

“Siasa ameielewa, ndugu balozi. Maua je?”

Miche ilirefuka, myembamba kama uzi, imepauka, imeinamia upande wa dirisha. Niliona kiu ya nuru, nikaitungia shairi. Asubuhi moja nikaikuta ya kopo la kwanza imelala chini. Mama alichukua kopo lenye miche mifupi, akang’oa yote isipokuwa mmoja, akaliweka dirishani.

“Mama, huo ni upendeleo!”

“Ndiyo.”

“Na mingine?”

“Mingine itungie shairi.”

Ile mingine ilikufa kwa usawa kamili, kopo baada ya kopo. Mche wa mama ukanenepa shina, ukahamia sufuria iliyotoboka, ukatoa tumba.

Ndipo tukapanda mlima. Mimi nilibeba jembe, yeye sufuria kichwani. Majani yalikuwa yamefika magotini. Tuliyafyeka mpaka tukaliona kaburi. Mama akapanda, akashindilia udongo kwa viganja. Kisha akachuchumaa, akamweleza baba kwa Kikaguru, taratibu, njia ya kufika kwetu: ateremke mpaka mtoni, avuke, nyumba ya tatu kutoka ofisi ya kijiji.