Nyota ya Apolinaria yenye Pembe Ishirini na Tano

Apolinaria binti Mayala alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kusikia kazi ikitajwa bila kusema, "Niachieni mimi." Kazi yake hasa ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare katika kikanisa chetu kidogo nyuma ya mtaa wa Kanyenye, Tabora, na hiyo aliijua vizuri. Mengine ndiyo yaliyotutia wasiwasi. Aliwahi kumng'oa jirani jino kwa koleo, likatoka la pembeni, lililokuwa zima. Aliwahi kuifungua baiskeli ya katekista ili aitie mafuta, akaifunga tena, vikabaki vyuma vitatu juu ya mkeka. "Hivyo vilikuwa vya ziada," alisema. Katekista aliiendesha baiskeli ile mpaka mteremko wa kwanza.

Mumewe, Hilari, alikuwa mshika bendera wa stesheni ya reli, mtu mpole ambaye hakuwahi kumkataza jambo kwa sababu alishajaribu mara moja.

Ilikuwa Majilio, majuma ya kungoja Noeli, mwaka 1952. Padre Anselm, Mholanzi mrefu kuliko mlango wetu, alituita wanakwaya tufungue sanduku la mapambo ya Noeli. Sanduku hilo liliachwa na bwana mmoja wa reli tangu enzi za Wajerumani, na fahari yake ilikuwa nyota kubwa ya karatasi, yenye pembe kila upande kama nungunungu aliyekasirika. Padre akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamekula nyota, malaika na kamba zake, wakajenga kichuguu kilichonyooka kuliko mnara wetu wa kengele.

"Noeli bila nyota," alisema Padre, kifuniko bado kiko mkononi.

"Niachie mimi, Padre," alisema Apolinaria. "Nitatengeneza kama ile ile ya zamani."

"Uliwahi kuiona kwa karibu?"

"Niliiona kutoka kule nyuma, Padre. Lakini niliiona sana."

Siku tatu alikata na kukunja karatasi za sukari barazani kwake. Siku ya nne Hilari aliporudi kazini alikizunguka kile kitu, akakitazama huku na huku, akasema kwa upendo, "Kiatu kizuri."

"Ni nyota, Hilari."

"Ya zamani ilikuwa na pembe ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi ngapi?"

Hapo Apolinaria akaweka mkasi chini, jambo lililomtisha Hilari. Basi Hilari akamwambia kwamba katika njia ya kwenda Sikonge alikaa Mzee Yoramu Lugembe, mfuga nyuki, ambaye ujanani alikunja nyota kama zile pamoja na mke wa mchungaji Mjerumani. Tatizo lilikuwa moja. Mzee Yoramu alikuwa Mprotestanti, Mmoraviani wa kupindukia, na Wakatoliki aliwapenda kwa mbali.

Apolinaria, rozari shingoni, alimkuta anachonga mzinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhamia kanisani kwetu?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuazima nyota."

Mzee Yoramu alipoelezwa habari ya mchwa alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akawa mkali ghafla. "Nitakufundisha. Lakini pembe ni ishirini na tano. Mahali pa ile ya ishirini na sita huachwa tundu, ndipo kamba inapopita. Ukipunguza hata moja, usiseme umefundishwa na mimi."

Wakaanza. Karatasi ngumu walizitoa kwenye mifuko ya simenti. Ya kung'aa walihitaji ile ya fedha iliyomo ndani ya paketi za sigara, na hiyo kazi alipewa Hilari. Treni ya Kigoma ilipoingia, Hilari, ambaye hakuwahi kuvuta hata mara moja, alipita dirisha kwa dirisha akiwaomba abiria kwa heshima wavute haraka haraka. Magadi wa reli, wale wasimamizi wa treni, wakalichukua jambo kama amri kutoka juu. Kutoka Tura mpaka Kaliua vifurushi vya karatasi za fedha vikawa vinashushwa Tabora pamoja na barua, na bwana mmoja wa Kaliua aliandika kwamba mkewe analalamikia kikohozi chake lakini yeye anaendelea kuvuta, kwa ajili ya kanisa.

Gundi ndiyo iliyowatesa. Mara ya kwanza walitumia uji wa muhogo. Wakaanika pembe zote juani, wakaingia ndani kunywa chai, na walipotoka mbuzi wa Mzee Yoramu alikuwa ameshakula tisa na anaitazama ya kumi.

"Pembe zangu!" alilia Apolinaria.

"Mbuzi wangu!" alilia Mzee Yoramu. "Amekula nyota ya Wakatoliki! Sasa nimfanyeje?"

Walikaa kila mtu na msiba wake. Mwishowe mzee akasema, "Tutatumia nta. Mbuzi hali nta." Akayeyusha sufuria nzima ya nta kutoka kwenye mizinga yake, wakakunja upya zile tisa, wakachovya kila pembe, wakaunganisha. Apolinaria alikuwa na haraka, hakuichuja vizuri. Nyota ikatoka ngumu kama kibuyu, ya manjano yenye fedha nchani, tupu ndani, tena yenye harufu nzuri ya asali. Mzee Yoramu aliizunguka mara mbili akihesabu, akafuta macho, akasema ni moshi.

Upana wake ulizidi mikono miwili ya mtu mzima. Babu yake Apolinaria alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, kwa hiyo mjukuu hakuona ajabu kujitwika nyota kichwani na kupita nayo katikati ya Kanyenye saa nne asubuhi. Mwenye duka mmoja alimuuliza kama ni mtego wa samaki. Askari alimsimamisha, akaitazama, akaona hajui kosa lake liitwe nini, akamwachia. Ngollo muuza viazi alipiga kelele, "Mama, huyo nungunungu ulimkamata wapi?" Apolinaria alinyoosha shingo. Alitembea kama bibi harusi.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa. Nyota ilining'inia mbele ya altare, na Padre Anselm alipoingia aliinua macho, akakosea hatua, akatabasamu. Apolinaria aliliona tabasamu lile kutoka benchi la tatu, akamfinya Hilari kwa furaha. Hilari alikuwa ametoka moja kwa moja zamu ya usiku, bendera zake bado ziko kwapani.

Mimi niliimba sauti ya pili, karibu na kinanda, kwa hiyo nilisikia mapema. Tulipokuwa katikati ya Gloria ukaanza mvumo, noti moja nzito isiyokwisha. Mwalimu wa kwaya alimkunjia uso Veneranda, mpiga kinanda. Veneranda akainua mikono yote miwili hewani kuonyesha kwamba hagusi kitu. Mvumo ukaendelea.

Ndipo dirisha la kushoto likawa jeusi. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na huo ndio wakati nyuki wanapohama kutafuta makao mapya. Kundi zima lilikuwa limenusa nta, likaja kuitazama nyumba. Likaingia, likaizunguka nyota yetu kama wingu. Mzee mmoja wa mbele akapiga magoti, akasema ni muujiza. Nyuki mmoja akatua kwenye kipara chake, naye akaghairi.

Siku hizo padre alisali ameelekea altare, ametupa mgongo. Padre Anselm alisikia watu wamenyamaza, akadhani ni ibada. Alipogeuka na kufungua mikono aseme "Dominus vobiscum", yaani Bwana awe nanyi, hakuona mtu. Kanisa zima lilikuwa limelala chini, kifudifudi. Macho yake yakalengwa na machozi. Miaka kumi na minne Tabora, hakuwahi kuona uchaji wa namna hiyo.

"Dominus vobiscum," alirudia, sauti ikitetemeka.

Kutoka chini ya benchi Marcelina, mwenyekiti wa akina mama, akajibu, "Et cum... nyuki, Padre! Nyuki!"

Aliyesimama alikuwa Hilari peke yake. Alikunjua bendera nyekundu, akaipunga kwa mkono ulionyooka, kama alivyofunzwa. Treni ingesimama. Nyuki walimuuma sikio.

"Niachieni mimi!" alisema Apolinaria. Alichukua chetezo, akamwaga juu ya makaa ubani wote uliokuwa umewekwa akiba mpaka sikukuu ya Epifania, akapanda benchi na kukizungusha kwa nguvu. Moshi ukapanda. Altare ikapotea, padre akapotea, na katika kiza kile cheupe tulisikia kikohozi kwa sauti zote nne. Moshi ulipopungua, nyuki walikuwa wanaingia kwa utulivu kwenye tundu la juu la nyota, mmoja mmoja, kama watu wanaorudi nyumbani kwao. Misa ikaendelea. Hakuna aliyesinzia wakati wa mahubiri.

Mchana wakamwita Mzee Yoramu. Alikuja na suti yake ya ibada, akasita mlangoni, akavua kofia, akaingia kanisa la Kikatoliki kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Malkia wao ameshaingia," alisema. "Waacheni wakae."

"Mpaka lini?" aliuliza Padre.

"Muulizeni yeye."

Basi nyota ya Noeli ikakaa pale hata mwisho wa Kwaresima, ambapo sanamu zote hufunikwa kitambaa cha zambarau, na Padre Anselm, mtu wa sheria, akaifunika nayo kwa mti mrefu akiwa amesimama nje ya dirisha. Baada ya Pasaka Mzee Yoramu aliwahamishia nyuki kwenye mzinga, akashusha nyota. Masega mazima yalikuwamo, yamefuata umbo la pembe. Madhehebu mawili yakabishana wiki nzima asali ni ya nani, mpaka Apolinaria akaipima kwa kikombe mbele ya mashahidi, nusu kwa nusu, akilamba kidole kila baada ya kikombe.

Mwaka uliofuata wanawake wa Kaliua walimtumia tikiti ya treni aende kuwafundisha. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mbali hivyo kwa ajili ya kazi ya mikono yake, na alilia kidogo akifunga mzigo. Alifundisha siku nne, sauti ikamkauka. Wakamzawadia kuku wawili. Wakati wa kurudi, kuku mmoja alitaga yai mapajani mwa fundi cherehani aliyekuwa amelala kwenye behewa, na Apolinaria kwa kunong'ona, fundi kwa kufoka, wakabishana njia nzima yai ni la nani. Waliposhuka Tabora fundi alikuwa amekubali kuja nyumbani kula chakula cha mchana, na yai lilikuwa mfukoni mwa Apolinaria.