Mandari ya Mama kwenye Toroli la Nguo

Kaka yake alisema mbele ya jamaa kwamba yeye, dada mtu, alikuwa akimlaza mama yao na njaa. Hilo ndilo kosa alilotendewa. Miaka tisa alimwogesha mama, akamlisha, akamgeuza kitandani alipokuwa na homa. Kisha kaka akaja na mkewe, shangazi na mjomba, akasimama katikati ya chumba cha dada yake akayasema maneno hayo, na mama akachukuliwa pamoja na mto wake. Mama mwenyewe hakufungua kinywa. Alitazama kucha zake tu, kama anayehakikisha zote zipo.

Majira yote ya baridi mwanamke yule alipiga pasi na uchungu wake. Alifanya kazi kwa dobi mkubwa, meza ya pili kutoka dirishani, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni. Mvuke ulipopanda, mama alitokea ndani yake, kwanza kitambaa cha kichwa, halafu mabega, halafu akayeyuka kabla hajaulizwa neno.

Baridi ikakatika. Mti wa dirishani, uliokuwa mkavu kama fimbo, ukatoa majani madogo mfano wa ndimi za paka. Akaanza kuota kilima cha nyuma ya tangi la maji la mji, penye nyasi za bure na maua ya manjano. Alimwona mama amekaa huko, jua mapajani.

"Nitampeleka mama mandari," alisema siku moja.

Fundi cherehani wa meza ya jirani, mtia viraka mashuka yaliyochanika, aliusimamisha mguu wake. "Wewe na mandari wapi na wapi, shoga? Hayo ni ya wenye nafasi."

"Nyasi hazidai kiingilio. Kwa kaka siwezi kusema na mama, wifi anakaa katikati yetu kama mwiko chunguni. Kwangu amepigwa marufuku kukanyaga. Basi nje. Nje si kwake wala si kwangu."

"Na huko nje unataka nini?"

Aliipitisha pasi mara mbili kabla ya kujibu. "Nataka kumwuliza kwa nini alinyamaza."

Fundi aliacha mzaha. "Basi andika mahitaji, usije ukasahau kitu."

"Nikiandika atanisomea nani? Wewe unayeshika gazeti kichwa chini miguu juu?"

"Mie naangalia picha!"

Alipanga kwa vibanio vya nguo, kama alivyozoea kupanga mambo yake yote. Kibanio kimoja cha mkate wa jana, ambao mwoka mikate huuza nusu bei. Cha viazi. Cha mayai manne. Cha machungwa yaliyobonyea, matamu kuliko yale ya kujipamba. Alivibana kwenye kamba juu ya kitanda chake, na kila alipopata kitu akabandua kibanio chake. Kitandiko alishonewa na fundi kutoka vipande vya mashuka mawili yaliyokwisha kazi. Kibanio kilichogoma kubanduka kilikuwa cha usafiri, maana miguu ya mama ilikwisha nguvu, na gari la kukodi lilikuwa ndoto ndani ya ndoto. Mwishowe alimwomba msimamizi toroli la kubebea nguo, kwa siku ya mapumziko.

Kaka alikubali kwa simu, kwa maneno mafupi: "Arudi kabla ya saa nane. Na nitamwuliza amekula nini."

Wifi alilitazama lile toroli mlangoni. "Ndilo gari lenyewe?"

"Ndilo, wifi. Halinywi mafuta."

Mama alikaa juu ya mito miwili, mikono kingoni, akasukumwa taratibu katika mitaa iliyofungwa maduka. Magurudumu yaliimba wimbo mmoja. Harufu ya sabuni iliwafuata. Kuta, nyaya na mapazia ya watu yalipita, na mama akageuza uso huku na huku kama mgeni, ingawa aliishi mji huo maisha yake yote. Binti naye alijiona hasukumi chochote, toroli linamvuta tu kuelekea kwenye manjano.

Kilimani alikunjua kitandiko, na hapo ndipo mazoea yalipomponza. Alikuwa amekitia wanga na kukipiga pasi kama shuka la mgeni mheshimiwa. Kilisimama juu ya nyasi kikavu, hakitaki kulala. Vikombe vikateleza. Mayai yakabingirika kilimani moja baada ya jingine, naye akayakimbilia akiwa ameshika gauni.

"Mwanangu," mama aliita, akicheka hadi machozi, "umetandika bati?"

Walikitoa, wakakaa juu ya nyasi tupu. Mama akala yai lenye ufa, akala viazi, akanyonya chungwa. Nyuki walipita. Ikawa kama hakuna aliyewahi kusema lolote baya duniani, na nusura binti asiulize.

"Mama. Siku ile ulinyamaza kwa nini?"

Mama aliweka ganda la chungwa chini. "Niliogopa. Kaka yako ana nyumba yenye vyumba. Nilikuona ulivyochoka, nikasema nikimkosa yeye, na wewe ukianguka, nitaishia wapi?"

"Sikukuchoka wewe."

"Najua. Kwako nilikula kila siku, mwanangu. Hata siku zile uliponidanganya kwamba umeshakula kazini. Nilikuwa nasikia tumbo lako likinguruma gizani."

Binti alilala chali nyasini, na mawingu yakapita juu yake meupe, bila mkunjo.

Walirudi saa nane na kitu. Kaka alikuwa mlangoni na saa yake mkononi.

"Nimekula," mama alimwambia kabla hajaulizwa. "Na kwake nilikula miaka tisa. Nilikosea kunyamaza siku ile."

Kaka alitazama toroli, akamtazama mkewe. "Mmechelewa," alisema, akamshika mama mkono akaingia naye.

Kwa hiyo mama hadaiwi tena. Anayedaiwa ni kaka. Maneno yake aliyasema mbele ya shangazi na mjomba, nao waliyabeba hadi kwa jamaa wengine. Anatakiwa awaite wote wawili katika chumba kilekile, asimame, aseme kwamba dada yake hakumnyima mama yao chakula hata siku moja. Mpaka leo hajawaita.