Kinu Kilicholala Mdomo Chini

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, Bukavu, mgeni hakutafuta namba ya nyumba. Aliambiwa: pita parokia, pita bomba la maji, ukifika kwenye kinu, uliza. Kinu hicho kikubwa kilikaa mlangoni kwa Maman Furaha, na majirani wote tulitwanga sombe, majani ya muhogo, humo. Kikilazwa mdomo chini, basi kuna maiti mtaani, na mchi hauguswi mpaka maziko. Bibi yangu alisema kinu kikitwangwa kabla, kitadai mwingine.

Siku moja nilitoka sokoni na majani, njaa inaniuma. Nikakuta kinu kimelala. Nikajidanganya: watoto wamekiangusha wakicheza. Nikakisimamisha, nikatwanga.

Maman Furaha akatoka, kitenge kimekazwa kiunoni. Mwanawe mchanga alikuwa amekata roho alfajiri ile.

"We mutoto, uko unatwanga nani?"

Bibi akaja mbio, akaninyang'anya mchi. "Umekionyesha kifo njia ya kwetu!"

Hazikupita siku kumi, surua ikamchukua mdogo wangu Bahati. Nilijificha nyuma ya choo, sili, silii. Nilijua nimemuua.

Aliyenikuta huko ni Maman Furaha. Alifika msibani kwetu kabla hata ya shangazi zangu. Akaketi kando yangu, palepale kwenye udongo.

"Bon, sikia. Wangu alikufa alfajiri, mbele weye utwange. Ule, nani alimutwangia?"

Akanyanyuka, akaninyoshea mkono.

"Donc simama. Mama yako iko anakuita."

Ndipo nikalia.

Sasa mimi ni mzee, naishi ng'ambo, Evere, katika jengo la ghorofa karibu na kituo cha tramu, kila mlango na namba yake nzuri. Kama bibi alikosea, sijui, sikusoma. Ninachojua, hofu ile ilitufundisha mlango wa kwenda palipo na msiba.

Majira ya baridi yaliyopita, niliona wanaume wakimteremsha jirani wa chini yetu, amefunikwa uso. Alikuwa amekufa tangu jana yake, nami nilishinda nikisaga sombe kwa mashine juu ya dari lake. Nikachemsha chai, nikaijaza kwenye chupa, nikamwita mjukuu wangu.

"Bibi, ule madame hatumujue!"

"Njo maana tunashuka."

Binti wa marehemu akatufungulia, macho mekundu. Alitutazama kwanza, akatazama chupa. Kisha akaondoa makoti juu ya viti, tukaketi.