Bao Lisilolala

Walisema sitafika. Fundi baiskeli wa mtaa wetu wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye kibaraza chake ndicho kilichokuwa bunge letu, alisema mtoto wa huku akisoma sana ataishia kuandikia watu barua mlangoni mwa posta. Muuza nyama alisema Bukavu, huko Kongo, sikwenda kusoma, nilikwenda kuosha sahani. Fundi cherehani, mtu mpole, alicheka na pini zake mdomoni.

Leo naandika haya katika nyumba niliyojijengea Kinanira, mtaa wa wenye vyeo, diploma yangu ikiwa ukutani, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Bukavu nilijisomesha kwa kushona viatu. Nikarudi Bujumbura miaka michache baada ya uhuru, cheti cha sekondari mkononi, nikaingia chuo kikuu kusoma hisabati. Tulikuwa wanafunzi wanne. Watatu walikuwa watoto wa wakubwa. Wa nne nilikuwa mimi, na kila nadharia iliyofundishwa niliijua kwa moyo, na nukta zake.

Kumbe hilo lilikuwa si kitu. Mwaka wa mwisho kazi ilikuwa moja, memwari, andiko ambalo bila hilo hupati diploma. Profesa wetu, Mbelgiji mrefu aliyevaa kaptula hata siku ya mtihani, alitukusanya akasema, "Kila mmoja aniletee swali ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Kisha anipe jibu lake."

Tukatazamana. Tangu shule ya msingi tulikuwa tumefundishwa kunakili. Nilikaa maktabani juma zima, na vitabu vyote vilikuwa na majibu, hata yale ya maswali ambayo sikuyaelewa.

Swali nililipata kibarazani, nikitazama bao. Mchezaji anachota kete za shimo moja, anazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia penye kete, anachota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, analala, zamu imekwisha. Nikajiuliza: je, asipolala? Mashimo yakiwa yamepangwa duara, na mchezaji, hata akifika penye shimo tupu, aiokote kete yake hiyo hiyo aendelee nayo, mchezo utafika wapi?

Nilichimba mashimo matatu uani kwa mama, kila moja kete moja, nikagawa. Baada ya hatua chache kila shimo lilikuwa na kete moja tena, kama nilivyoanza. Nikachimba la nne. Kete zilitawanyika, zikarundikana zote katika shimo moja, halafu zikarudi vilevile. Nikazidi kuchimba. Mashimo matano, sita, zilirudi. Nilijaribu kuanza na kete mbili hapa, tatu pale, zikarudi tena.

"Nilikupeleka shule," mama alisema akiruka mashimo na ndoo yake, "umerudi kunichimbia kaburi za panya."

Nilimpelekea profesa kurasa arobaini za mifano. Alizifunua polepole. "Na mashimo mia?" aliuliza.

"Nitaazima kete zaidi," nilisema.

Alinirudishia kurasa zangu. "Nenda ukaazime," alisema.

Nikaenda kweli. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, nami sikuliona. Mtaani kwetu mtu akitaka kumaliza ubishi huongeza mashahidi, nami nikadhani hisabati ni vivyo hivyo. Niliwaomba wale watatu wa kibarazani kete zao. Za fundi baiskeli zilichanganyika na gololi badala ya zile zilizopotea. Za fundi cherehani zilikuwa na vifungo vya makoti ndani yake, na za muuza nyama zilinuka mafuta.

"Unachukua kete za mutaa wote, sisi tutacheza na nini?" muuza nyama aliuliza. "Tutacheza na meno yetu?"

"Zitarudi kabla ya mfungo," nilisema. Wakati wa Ramadhani bao ndilo lililokuwa likiwafikisha magharibi.

Fundi baiskeli akanyoosha kidole chenye grisi. "Sikia, Bwana Profeseri. Kama diplome haikuje, utanipakia grisi minyororo mwaka muzima. Bure. Na mi nitaita batu bakuje kuangalia."

"Na ikija?"

"Ikikuja? Apana, we. Haikuje."

Nikachimba duara lililojaa ua wote. Siku zikapita, kete hazikurudi. Zilizunguka, zikajikusanya, zikasambaa, na miezi iliyobaki kabla ya mfungo ilikuwa ikipungua. Kila asubuhi nilianza na tumaini, na jioni goti lilikuwa limevimba. Niliuona mnyororo wenye grisi ukinisubiri.

Alasiri moja fundi baiskeli alikuja kukagua mali yake. Alichutama kando ya duara akanitazama nikigawa. "Simama," alisema. "Umeruka shimo. Unaiba."

"Namwibia nani? Nacheza peke yangu."

"Mwizi ni mwizi. Rudisha."

Kibarazani kwetu hiyo ilikuwa sheria. Mchezaji akituhumiwa, anarudisha hatua yake mbele ya watu. Anachukua kete moja kutoka shimo la mwisho, moja kutoka la nyuma yake, moja kutoka la nyuma zaidi, mpaka akutane na shimo tupu. Hilo ndilo alilochota, humo anazirudisha zote. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni. Nikarudisha.

"Sawa," alisema. "Na ile ya kabla yake?"

Nikarudisha tena, na tena. Halafu mkono wangu ukasimama hewani.

Kila mara njia ya kurudi ilikuwa moja tu. Sikuwahi kusita kati ya njia mbili. Kila mpangilio wa kete, pamoja na shimo ulipofikia mkono, ulikuwa na jana moja, si mbili. Na mipangilio, hata iwe mingi namna gani, ina mwisho. Kwa hiyo mchezo usiolala lazima siku moja urudie mpangilio ambao umeshapita. Upi utarudiwa kwanza? Hauwezi kuwa wa katikati, kwa sababu huo ungekuwa na jana mbili: ile uliyojia mara ya kwanza, na hii ya sasa. Umebaki ule wa mwanzo peke yake. Mashimo mia, mashimo elfu, kete zitarudi nyumbani, na sihitaji kuazima hata moja kulijua hilo.

"Umechoka?" fundi aliuliza.

"Nimemaliza," nilisema, nikaanza kucheka peke yangu. Alizitazama kete zake kwa wasiwasi.

Kuandika kulikuwa vita nyingine. Mahali nilipoandika "ni wazi kwamba", profesa alikata kwa kalamu nyekundu. "Kama ni wazi, mbona uliazima kete za mtaa mzima?" Aliniambia niandike kana kwamba msomaji ananichukia na anatafuta pa kunikamatia. Msomaji wa namna hiyo nilikuwa naye tayari, anatengeneza baiskeli. Kila sentensi nilijiuliza, hapa atasema nini? Atasema nimeruka shimo. Basi sikuruka. Kurasa arobaini zikawa tisa, na naapa sijaandika kitu kizuri kuliko zile tisa, ingawa nimeandika mengi.

Siku ya kutetea memwari mmoja wa wasahihishaji aliuliza, "Na kete za mkononi zikiwa nyingi kiasi cha kuzunguka duara lote na kulipita shimo zilikotoka?" Wenzangu watatu waliinamisha vichwa kwa niaba yangu. Mimi nilifungua ukurasa wa sita. Msomaji wangu wa baiskeli alikuwa ameshaniuliza hilo kichwani. Nilifaulu kwa sifa, wa kwanza kati ya wanne.

Siku mbili kabla ya mfungo nilikwenda kibarazani na mifuko mitatu. Nilikuwa nimezitenganisha zote, gololi kwa gololi, kifungo kwa kifungo. Muuza nyama alizinusa zake akatikisa kichwa kukubali. Fundi cherehani alitoa pini mdomoni ili aniambie ahsante. Fundi baiskeli alihesabu zake mara mbili, hakukosa hata moja.

"Na diplome?" aliuliza.

Nilimpa. Kwanza alifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, ndipo akaipokea. Aliifuatisha kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Ni jina yako kweli," alisema. Akanirudishia, akanisogezea kigoda kwa mguu, akaanza kupanga kete zake ubaoni. "Ikala. Anza we."

Niliiweka diploma chini ya paja, upepo usije ukaichukua, nikachota.